Imeungua, Haikuchomwa

Kompyuta ya nyumba ile ilinunuliwa ikiwa imeshafungwa kiwandani, kila kitu ndani yake kimepangwa na watu walioamua zamani kwamba mnunuzi atachapa barua, atatazama picha za harusi, basi. Kasha jeusi, fupi, lililokaa chini ya meza ya sebuleni miaka sita likivuta vumbi la zulia. Mama mwenye nyumba aliitumia kuchapa barua za watu: maombi ya kazi, maombi ya uhamisho, matangazo ya vikao vya wazazi. Mumewe hakuwa na shughuli nayo. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu wa mageti na madirisha, mtaa mzima ukimwita Cheche, na kompyuta ile aliipita kama mtu anavyompita mgeni wa mkewe: salamu ya mbali, kisha anaingia chumbani.

Aliyeijua ndani nje ni binti yao, kitindamimba, miaka kumi na tisa, amemaliza shule na anasubiri majibu ya chuo. Alikuwa anacheza gemu. Siyo zile za kupotezea muda kwenye simu, bali zile za timu, watano kwa watano, kila mmoja nyumbani kwake na kipaza sauti mdomoni, wakipigana kana kwamba kuna kiwanja kinagombewa. Wenzake walimwita Nyigu kwa kuwa alikuwa anauma na kupotea kabla hujajua katua wapi. Jina likahamia nyumbani. Mama yake alilikataa wiki mbili nzima, akisema hakuzaa mdudu, kisha naye akajikuta anaita, "Nyigu, maji yanachemka!"

Sasa timu moja ya wasichana, timu yenye jina hasa, ilikuwa imemwita kwa majaribio. Jumamosi saa kumi alasiri angecheza nao mchezo mmoja wa kweli. Akifaa, nafasi ni yake. Tatizo lilikuwa kompyuta. Mchezo wenyewe ni mzito, na lile kasha la kuchapia barua lilikuwa linauvuta kwa kusuasua, picha inakwama, adui unamwona yuko mlangoni kumbe ameshakuua zamani. Nyigu alikuwa ameongeza ramu, kumbukumbu ya mashine, kwa mkono wake mwenyewe mwezi uliopita, na ikakubali. Ilibaki kadi ya picha, na kadi hiyo aliipata kama zawadi kwenye mashindano madogo, akaibeba nyumbani kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa kichanga.

Hapo ndipo Cheche alipoanza kuumia, ingawa neno hilo usingemtoa mdomoni hata kwa koleo.

Huyu mtoto alikuwa wake. Alipokuwa mdogo alishinda karakanani, amekaa juu ya debe, anauliza. Baba, kwa nini chuma kikipoa kinalia? Baba, kwa nini umeshapima halafu unapima tena? Cheche aliyeacha shule mapema, ambaye hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kumuuliza jambo akakaa kusubiri jibu, alimjibu yote. Miaka imekwenda, Nyigu haulizi tena. Akitaka kujua kitu anampigia jamaa mmoja mwenye kibanda cha kompyuta karibu na stendi, ambaye watu walimwita Daktari kwa sababu analaza mashine mezani chini ya taa na kuzifungua amevaa glovu.

"Mimi nachomelea miaka ishirini na saba naitwa Cheche," Cheche alimwambia mkewe siku moja. "Yeye juzi tu kashika bisibisi, Daktari."

"Vaa glovu na wewe," mkewe akamjibu.

Jumatano alasiri Nyigu aliweka kasha juu ya meza, akafungua ubavu wake, akashusha kadi taratibu. Haikuingia. Ilikuwa ndefu, ya feni mbili, na ncha yake iligonga kizimba cha chuma kinachoshikilia diski pale mbele. Vidole viwili tu vilizidi. Vidole viwili! Akainamisha, akageuza, akajaribu kwa chini. Wapi.

"Ikate hiyo kadi," mama yake akasema huku anakunja nguo.

"Mama!"

"Nimesema tu. Suruali ikizidi si tunakata?"

Nyigu akampigia Daktari, akailaza simu mezani ikiwa na sauti kubwa ili mikono ibaki huru. Cheche alikuwa kwenye kochi, ameshika redio ndogo iliyokuwa inakoroma tu, masikio yote yako mezani.

"Hicho kizimba kimefungwa kwa skrubu au kwa ripiti?" Daktari akauliza.

"Ripiti. Nne."

"Basi usikiguse. Niletee Ijumaa asubuhi. Nitatoa mazabodi kwanza, nitoe na kila kitu, libaki kasha tupu. Halafu ripiti nazitoboa moja moja. Saa mbili tu, unaondoka nayo."

Ripiti, vile vijipini vya chuma vinavyobana bati kwa bati. Cheche akakaa wima. Maneno mengine yote ya mashine ile yalikuwa yanampita juu ya kichwa kama ndege, lakini ripiti! Ripiti ndizo zilizomlisha na kumsomeshea watoto.

"Mazabodi ndiye nani?" akauliza simu ilipokatwa.

"Ule ubao mkubwa, Baba. Kila kitu kimeshikamana nao. Ni kama mama wa vyote."

"Na huyo mama ana mume?"

Nyigu akacheka kidogo, kicheko cha kumsaidia mtu asiaibike.

"Sasa ripiti nne unazipeleka hospitali? Mwanangu, mimi nipo humu ndani. Siku nikiamka vizuri ripiti nne nazing'oa kwa meno."

"Najua, Baba."

"Basi?"

"Basi hii siyo geti, Baba," Nyigu akasema, kwa upole kabisa, macho yako kwenye kadi. "Kuna mambo mengi humu."

Nyigu angempandishia sauti ingekuwa nafuu, angemtia adabu yakaisha. Alilisema kama mtu mzima anavyomwambia mtoto asisogelee jiko. Cheche akaongeza sauti ya redio, redio ikakoroma zaidi, akaizima, akatoka nje kuangalia kama mvua itanyesha. Anga lilikuwa jeupe pe, hata wingu la kusingizia halikuwepo.

Alhamisi mke na binti walimsindikiza mama mdogo kliniki, foleni ya kumaliza nusu siku. Cheche alirudi nyumbani saa saba mchana na begi lake la kazi. Hakuwa na nia mbaya. Hilo lisemwe wazi, maana baadaye yeye mwenyewe alijiambia mara nyingi na halikumsaidia. Alitaka binti yake arudi akute njia iko wazi, kadi inaingia, na Daktari apigiwe simu aambiwe asisumbuke.

Alifungua ubavu wa kasha kama alivyoona unafunguliwa. Akatoa diski, skrubu mbili, akailaza kando juu ya kitambaa. Kisha akasimama anatazama. Daktari alisema mazabodi itoke kwanza. Sawa. Lakini mazabodi ilikuwa imechomekwa nyaya kila kona, nyekundu, nyeusi, njano, bapa, nyingine nyembamba kama uzi zimeingia kwenye pini ndogo kuliko punje ya mtama, utumbo mtupu. Kuzitoa angezitoa. Kuzirudisha je? Iko namna: ampigie Daktari amuulize. Cheche aliifikiria simu hiyo kwa muda wa kumeza mate, akaachana nayo.

Na kwani lazima? Katika kazi yake chuma kinakatwa kilipo. Unakuta dirisha limejengewa ukutani, unalikatia hapo hapo, unafunika makochi ya watu kwa gunia lililolowa, cheche zinaanguka, unafagia, unaaga. Miaka ishirini na saba anakata vitu mahali vilipo, na hajaunguza nyumba ya mtu.

Gunia la maji aliona halifai, mambo ya umeme na maji anayajua. Akachukua taulo kavu, akaufunika ubao, akalisokomeza pembeni kwa vidole kama anayemfunika mtoto mwenye homa. Akavaa miwani. Akawasha grainda, mashine yake ya kukatia chuma.

Dakika nne. Ripiti ya kwanza, ya pili, zile mbili za chini akazifuata kwa kulaza kasha. Cheche zikaruka kama siku zote, zikaanguka juu ya taulo na kulitoboa vitundu vidogo vyeusi, naye akazikung'uta kwa kiganja. Kizimba kikatoka kizima. Kazi safi. Ila palipokatwa palibaki na meno makali, na hapo akamfikiria binti yake, atakayeingiza vidole humo akachanika. Akachukua tupa. Taulo lilikuwa linamziba asione, akaliondoa. Akasugua kingo zote kwa subira, moja baada ya nyingine, mpaka kidole kikapita bila kukwama. Unga wa chuma ulishuka mwembamba, unang'aa, mwingi kuliko ule wa grainda.

Akapuliza. Akapitisha brashi kavu ya rangi. Akapuliza tena. Akaligeuza kasha kichwa chini, akaligonga mgongoni kama mtu aliyepaliwa, unga ukamwagika mezani, akaufagia. Kisha akachungulia, na kwa macho yake ya miaka hamsini na moja mle ndani palikuwa pasafi. Diski akaikatia kibanio cha bati, akaifunga chini, imara, imenyooka kuliko ilivyotoka kiwandani. Akaketi kusubiri. Hakuwasha. Hiyo aliwaachia wenyewe.

Walirudi saa kumi. Nyigu aliona kasha juu ya meza, ubavu wazi, akasimama mlangoni na viatu mkononi.

"Nani kagusa?"

"Njoo uone kwanza, utagomba baadaye."

Akaja. Akatazama pale kizimba kilipokuwa. Akapitisha kidole ukingoni, mara moja, mara ya pili. Cheche alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani, anajifanya anachunguza kucha zake.

"Baba!"

"Nini?"

"Umepiga na tupa! Mama, hebu njoo uguse hapa, laini kama sahani. Daktari asingepiga tupa huyu, angeniacha nijikate."

"Daktari hana tupa," akasema Cheche. "Ana glovu."

Wakacheka wote watatu. Nyigu akamrukia shingoni akamkumbatia, kitu ambacho hakukifanya tangu alipoanza kuota chunusi. Kisha akamwachia, akainama kwenye kasha, kadi ameshaishika, akauliza:

"Mazabodi uliitoa kwanza, eh?"

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kumuuliza jambo la kazi. Cheche hakulisikia swali, alisikia kuulizwa. Hakutaka kuliharibu kwa jibu baya.

"Wewe, kwani mimi nimeanza kazi leo?"

"Samahani, fundi mkuu."

"Haya, ingiza. Mimi nimefungua njia tu, kumalizia ni kwako."

Hiyo alimaanisha iwe heshima. Alikuwa anampa mwanawe kipande kitamu cha kazi, kile ambacho fundi hampi mtu.

Kadi ikaingia. Ilitoa mlio wa kukaa, tak, Nyigu akafunga skrubu, akachomeka kioo, akachomeka umeme. "Mama, shuhudia," akasema, akabonyeza.

Feni ziligeuka nusu mzunguko. Ndani pakalia pa, kitu kidogo, kama njiti ya kiberiti inayovunjika, na uzi wa moshi ukapanda mbele ya nyuso zao. Harufu ya plastiki na ya kitu kingine kibaya zaidi. Kisha kimya. Nyigu akabonyeza tena. Kimya.

"Kumetokea nini?" mama yake akauliza. "Nani kafanya nini?"

Nyigu alikuwa amerudisha mkono kifuani, kile kidole cha kubonyezea kakishika kwa mkono mwingine.

"Mimi," akasema. "Nimebonyeza mimi."

Ijumaa asubuhi walilipeleka kasha kwa Daktari, Cheche amelibeba begani njia nzima, hataki kusaidiwa. Kibanda kilikuwa kidogo, kuta zimejaa nyaya zilizoning'inizwa kwenye misumari, na Daktari mwenyewe alikuwa mtu mpole wa miaka thelathini na kitu, anayeongea na mashine vizuri kuliko na watu. Kabla hajafika hata nusu ya skrubu, simu ya Nyigu ikaita. Nahodha wa timu. Akatoka nje kuipokea.

Daktari alichomoa kadi. Akachomoa nyaya, bila haraka, kila moja na mahali pake, akautoa ubao na kuulaza chini ya taa. Akaugonga kidogo juu ya karatasi nyeupe. Kitu kikadondoka, kinang'aa.

"Mzee, hiki nini?"

"Vumbi," akasema Cheche.

Daktari akachukua sumaku, akaipitisha chini ya karatasi. Unga ukasimama wima, ukaifuata sumaku kama kuku wanaofuata mtama.

"Vumbi gani hili linaloamka?"

Cheche akatupa jicho nje, Nyigu alikokuwa.

"Ulikata chuma ubao ukiwa ndani?"

"Niliufunika."

"Mzee wangu." Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Unga umeingia kwenye mdomo wa kadi, umeunganisha njia zisizojuana. Hii imechomwa. Ubao umekwenda, na kadi umekwenda nayo."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje?"

"Sema imeungua."

Daktari akamtazama bila kuelewa, kisha akaelewa. Maneno haya mawili yako mbalimbali. Imechomwa ina mtu. Ukisema kitu kimechomwa, anayekusikiliza anageuza shingo kumtafuta mchomaji. Imeungua haina mtu. Kitu kilikuwa kimekaa, siku yake ikafika, kikaungua chenyewe, kama mboga inavyoungua jikoni na mpishi amesimama hapo hapo. Cheche hakukaa darasani muda wa kutosha kufundishwa hayo, lakini aliyajua kama anavyojua chuma kilichoiva na kisichoiva kwa kukitazama tu.

"Imeungua au haikuungua?" akasisitiza.

"Imeungua, lakini..."

"Basi ni kweli. Sikuombi uongo, fundi."

Hakuwahi kumwita fundi kabla ya hapo. Daktari naye alilisikia, akainamisha kichwa, akaanza kukusanya skrubu ambazo hazikuhitaji kukusanywa.

"Yule binti ana mkono, mzee. Ile ramu nilimwelekeza kwa simu tu. Mwambie wewe mwenyewe, taratibu. Hawezi kukuchukia."

"Mimi ndiye ninayemjua."

Na kweli alimjua. Chuki angeiweza, chuki ina kelele, na kelele ameizoea. Alichokiogopa ni ule upole wa Jumatano. Kwamba Nyigu angesema, haya Baba, si neno, na tangu siku hiyo angepitisha kila kitu pembeni yake kama anayempitishia sinia mgonjwa.

Nyigu akaingia, anapumua juu juu. "Wana mtu wa akiba, lakini wananisubiri mpaka kesho saa nne asubuhi. Daktari, niambie."

"Imeungua," akasema Daktari.

"Yote?"

"Ubao na kadi. Diski ni nzima, barua za mama zipo."

"Imeungua kwa nini?"

"Hivi vitu huwa vinaungua tu."

"Haviungui tu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba haviungui tu."

Daktari hakuwa mwongo, na ubaya wa mtu asiye mwongo ni kwamba akibanwa anadanganya vibaya, anadaka lililo karibu. Akamtazama Cheche. Cheche akatazama nyaya za ukutani. "Pengine," akasema Daktari, "kadi haikukaa sawasawa. Ikilala upande kidogo tu, inatosha."

Neno lisilo na mtu likawa limepata mtu.

"Lakini ilitoa mlio," Nyigu akasema. "Tak. Ilikaa. Baba, si uliusikia? Ulikuwa umesimama pale. Ilikaa, siyo?"

Nje mtu alikuwa anauza vocha kwa sauti. Cheche aliona jinsi ambavyo jambo lenyewe lilikuwa jepesi bado, la kunyanyua kwa mkono mmoja.

"Mimi hayo siyajui," akasema. "Hii siyo geti."

Nyigu akaitikia kwa kichwa. Wakarudi nyumbani.

Mama yake ndiye aliyesema, na alisema kwa wote. Barua za watu wanne zinatakiwa Jumatatu, atazichapia wapi, kwa kijiko? Mashine imekaa miaka sita salama salimini, mtu kaitia mkono kwa ajili ya michezo, siku moja tu, kwisha. Alitahadharisha au hakutahadharisha? Nyigu alisimama na kuyapokea yote, mikono nyuma.

"Mwache mtoto," akasema Cheche kutoka kwenye kochi. "Amekosea, amekosea. Nani hakosei?"

"Wewe ndiye unayemdekeza," mkewe akamgeukia. "Umejikatia vyuma vyako siku nzima, ukamtengenezea vizuri, na bado unamtetea!"

Kwa hiyo akaonekana mwema.

Jumamosi asubuhi Nyigu alizunguka vibanda viwili vya gemu. Kimoja mashine zake zilikuwa dhaifu kuliko ile iliyokufa. Kingine kilikuwa kimekodiwa kutwa nzima. Saa nne kasoro akamwandikia nahodha ujumbe mfupi. Jibu lilikuwa fupi zaidi.

Saa kumi alasiri Cheche alikuwa karakanani, anaunganisha nondo za dirisha, aliposikia hatua anazozijua. Akainua kinyago. Nyigu alikuwa amesimama jua likiwa nyuma yake. Saa hiyo hiyo, mahali fulani, wasichana watano walikuwa wanaanza, na mmoja wao alikuwa mtu wa akiba.

"Baba, nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini tena?"

"Ulifanya kazi yote. Ukaniachia hatua moja, ndogo, ya mwisho, nikaiharibu. Kompyuta ya Mama, kadi, kila kitu." Alikuwa ameyapanga maneno, ilionekana. "Na nilikuambia siyo geti. Hiyo nayo nisamehe."

Cheche alifungua mdomo. Neno la kukiri lilikuwepo, hapo hapo kwenye ulimi, lina uzito wake na ladha yake ya chuma. Fundi jirani alikuwa anagonga bati upande wa pili wa ukuta, na Cheche alingoja amalize kugonga. Jirani alipomaliza, akasema:

"Yamekwisha. Nimekusamehe."

"Asante, Baba."

Alidhani ataondoka. Hakuondoka. Alisogea ndani, kwenye kivuli, akajifuta uso kwa mkono wa blauzi.

"Ila nataka kujua nilikosea wapi. Nimeirudia kichwani siku mbili, naiona ikiingia imenyooka. Silioni kosa. Wewe ulikuwa umesimama pale, uliitazama mikono yangu." Akamwinulia macho, akangoja. "Nilikosea wapi?"

Hayo ndiyo macho aliyoyataka. Miaka mingapi aliyataka. Cheche akaweka chini kishikio cha kuchomelea, akavua glovu, moja, nyingine.

"Ulisukuma kwa nguvu mno," akasema. "Na uliegemea kulia."

"Kulia?" Nyigu akautazama mkono wake wa kulia.

"Kulia. Nilikuona."

Nyigu akainua mikono yote miwili hewani, vidole vimeshika kadi ambayo haipo, akaishusha.

"Hivi?"

"Unaona? Unalalia tena."

"Hivi?"

"Polepole zaidi."

Akashusha tena, polepole zaidi, macho yako kwa baba yake, anasubiri aambiwe.